Anwani za kumbukumbu katika Windows za mwanzo na Macintosh: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Ukifungua msimbo wa programu iliyoandikwa kwa ajili ya Windows 2 au Macintosh ya kwanza, kinachokusumbua mapema si madirisha wala menyu, ni anwani. Kuna vielekezi vya karibu na vya mbali, kuna GlobalLock kila baada ya mistari michache, kuna nyota mbili mahali ulipotarajia moja. Majibu haya ni kwa mtu anayejua C kiasi na aliyewahi kusikia habari za rejesta. Ukisoma msimbo wa aina hii, kila unapokutana na anwani jiulize: itakuwa halali hadi lini, na ni nani mwenye ruhusa ya kukihamisha kilichomo?

Kwa nini anwani ya 8086 ina namba mbili?

Prosesa ya Intel 8086 ilitoka mwaka 1978 ikiwa na rejesta za biti 16 na nyaya 20 za anwani. Biti 16 zinahesabu baiti 65,536 tu, ilhali nyaya 20 zinafika baiti 1,048,576, yaani megabaiti moja. Ili namba fupi ifike mbali, anwani iligawanywa sehemu mbili: segimenti na ofseti. Prosesa huizidisha segimenti kwa 16, kisha hujumlisha ofseti.

Chukua 1234:0010, namba zote zikiwa za heksa. Segimenti 1234 mara 16 ni 12340. Ongeza 0010, unapata 12350. Sasa chukua 1235:0000. Mara 16 ni 12350, ongeza sifuri, jibu ni lilelile. Baiti moja, majina mawili. Kwa kweli sehemu kubwa ya megabaiti hiyo ina baiti ambazo kila moja inaweza kuandikwa kwa namna 4,096 tofauti.

Hili lina athari ambayo wengi hawaioni hadi programu iwakatae: vielekezi viwili vinavyoonyesha baiti ileile vinaweza kuonekana havilingani. Kompaila nyingi za wakati ule zililinganisha biti zote 32 ulipotumia alama ya usawa, lakini kwa alama za kubwa na ndogo zililinganisha ofseti peke yake. Kupanga vielekezi vya mbali kwa ukubwa, basi, kuna maana pale tu vinapotoka ndani ya segimenti moja.

Ni namna zipi za kutaja anwani zilizopo ndani ya amri zenyewe?

Kwa 8086, chache kuliko unavyodhani. Thamani yaweza kuwa ndani ya amri yenyewe, ndani ya rejesta, au kwenye kumbukumbu. Ikiwa kwenye kumbukumbu, ofseti yake inatolewa moja kwa moja kama namba, au inaundwa kwa rejesta BX au BP, pamoja na rejesta SI au DI, pamoja na namba ya nyongeza. Kwa hiyo [BX+SI+6] inakubalika, [BP-4] inakubalika, lakini [AX] haikubaliki katika amri za biti 16, wala [SP]. Ndiyo maana kila funksheni huanza kwa kunakili SP, rejesta inayoonyesha kilele cha steki, ndani ya BP: bila hivyo hakuna njia nyepesi ya kuvisoma vigezo vilivyo kwenye steki.

Kila namna ina segimenti yake ya kawaida. Ukitumia BX, prosesa inaenda kwenye DS, rejesta ya segimenti ya data. Ukitumia BP, inaenda kwenye SS, ya segimenti ya steki. Ukitaka kinyume chake, unaitaja segimenti waziwazi, kama es:[bx]. Kanuni hii ndogo ndiyo inayoleta balaa ndani ya maktaba za DLL, yaani msimbo unaopakiwa kando na kuitwa na programu: maktaba ina DS yake, lakini inatumia steki ya programu iliyoiita. Msimbo wa C wa modeli ndogo (ambao vielekezi vyake ni vya karibu, yaani ofseti tu) unaochukua anwani ya kigezo cha ndani unadhani SS na DS ni kitu kimoja. Ndani ya programu ni kweli. Ndani ya DLL si kweli, na kielekezi cha karibu kilichotolewa kwenye steki kitasoma data nyingine kabisa.

Motorola 68000, iliyotumika ndani ya Macintosh, ilikuwa na namna 14 za kutaja anwani na haikuwa na segimenti. Ukiandika (A0)+ unasoma kisha rejesta inasogea yenyewe. Mtu aliyetoka upande wa Intel hufurahi siku ya kwanza, halafu hukutana na sharti la usawa: neno la biti 16 au 32 lazima lianze kwenye anwani shufwa, la sivyo 68000 inasimamisha kazi kwa kosa la anwani.

Kielekezi cha karibu na cha mbali vinatofautianaje?

Cha karibu ni ofseti tu, baiti mbili, na segimenti inadhaniwa kuwa ile iliyomo kwenye DS au CS (rejesta ya segimenti ya msimbo) wakati huo. Cha mbali kinabeba vyote viwili, baiti nne. Cha karibu ni chepesi na cha haraka. Cha mbali kinalazimu amri kama LES, inayopakia ES na rejesta nyingine kwa pamoja, kabla hujasoma hata baiti moja.

Gharama hiyo ilipanda sana katika modi ya ulinzi (ile ambayo prosesa hulinda kumbukumbu, tofauti na modi halisi ya 8086), kwa sababu prosesa inapopakia rejesta ya segimenti inabidi ikasome jedwali na kukagua ruhusa. Kwenye 80286, amri ya MOV ya kupeleka thamani ya rejesta kwenye segimenti huchukua mizunguko 2 katika modi halisi na 17 katika modi ya ulinzi. Mtu akikuambia waandishi wa zamani walikuwa na ushamba wa kung'ang'ania vielekezi vya karibu, mwonyeshe namba hizo.

Modeli za kumbukumbu ni nini, na nichague ipi?

Ni makubaliano kati yako na kompaila kuhusu vielekezi visivyotajwa aina. Modeli ndogo: msimbo karibu, data karibu. Ya kati: msimbo mbali, data karibu. Ya kubana: msimbo karibu, data mbali. Kubwa: vyote mbali. Ile kubwa kupindukia inaruhusu pia safu moja kuvuka kilobaiti 64.

Kwa Windows za biti 16, anza na ndogo, na programu ikikua nenda ya kati. Modeli kubwa inavutia kwa sababu inakuondolea mawazo, lakini kwa kompaila za Microsoft ilizalisha segimenti kadhaa za data, na programu yenye segimenti kadhaa za data kwa kawaida haikuweza kufunguliwa mara mbili kwa wakati mmoja. Katika modi halisi data hiyo pia ilikaa mahali pamoja bila kusogezeka, na hicho ndicho kitu ambacho mfumo wenye kilobaiti 640 hauwezi kukivumilia.

Kwa nini kila mahali kuna GlobalLock na GlobalUnlock?

Hapa ndipo penye kiini cha mambo yote.

Windows 1.0 ilitoka Novemba 1985. Ilitakiwa iendeshe programu kadhaa kwa pamoja, kila moja na madirisha, fonti na picha zake, kwenye mashine isiyo na chochote cha kulinda kumbukumbu na yenye kilobaiti 640 zinazotumika, nyingine zikiwa zimeshachukuliwa na DOS. Programu zinaomba vipande, zinavirudisha, na baada ya muda nafasi iliyobaki imetapakaa: kilobaiti tano hapa, tisa kule, hakuna mahali penye thelathini zilizoshikana. Dawa ni kuvisogeza vipande vilivyo hai ili mianya iungane. Lakini ukikisogeza kipande, kila anwani iliyokuwa ikikionyesha imekufa.

Basi mfumo haukupi anwani. GlobalAlloc ikiitwa na GMEM_MOVEABLE inakurudishia kishikio, namba isiyo na maana yoyote kwako, kama tiketi ya kuhifadhia mizigo. Ukitaka kuifikia data unaita GlobalLock: mfumo unakipigilia kipande mahali kilipo, unaongeza hesabu ya kufuli, na unakupa kielekezi cha mbali. Ukimaliza unaita GlobalUnlock, na tangu hapo kielekezi kile ni takataka hata kama biti zake hazijabadilika.

Nidhamu iliyotakiwa ilikuwa moja: funga, tumia, fungua, yote ndani ya kushughulikia ujumbe mmoja, yaani taarifa moja ya tukio ambayo Windows huipa programu. Programu iliyofunga kipande mwanzoni na kukifungua mwishoni ilifanya kazi vizuri yenyewe, lakini iliacha mwamba katikati ya kumbukumbu na kuzinyima nafasi programu nyingine zote. Naona hili ni jambo zuri sana la kufundishia, kwa sababu ni nadra kuona msimbo ambao ukarimu wake kwa majirani unaweza kuuhesabu mstari kwa mstari.

Kulikuwa pia na GMEM_DISCARDABLE: ruhusa ya kukitupa kipande kabisa kumbukumbu ikibana. GlobalLock ikirudisha sifuri kwa kipande kama hicho, data imekwenda na ni juu yako kuijenga upya.

LocalAlloc je?

Inatoa nafasi kwenye hipu ya ndani, iliyo katika segimenti ya data ya programu yenyewe. Faida yake ni vielekezi vya karibu. Hasara yake ni kwamba kilobaiti 64 zilezile zinabeba pia data ya kudumu na steki. Ukubwa wa kuanzia wa steki na hipu ulitajwa kwenye faili ya .DEF, kwa mistari ya STACKSIZE na HEAPSIZE.

Mbona funksheni za Windows zinaanza kwa amri za ajabu, hasa "inc bp"?

Ukifumua programu ya Windows ya biti 16 utaukuta mwanzo huu kwenye kila funksheni ya mbali:

    push ds
    pop  ax
    nop
    inc  bp
    push bp
    mov  bp, sp
    push ds
    mov  ds, ax

Ukiusoma kijuujuu hauna akili. Unapeleka DS kwenye AX, kisha baadaye unarudisha AX kwenye DS. Ila una mambo mawili yaliyofichika.

La kwanza ni zile amri tatu za juu. Kila moja ni baiti moja, jumla baiti tatu, na hiyo ndiyo kazi ya nop, amri isiyofanya kitu: kutimiza idadi. Mfumo unapopakia programu, kwa funksheni zilizotangazwa kuwa zitaitwa kutoka nje unazibadilisha baiti hizo tatu. Kwa programu ya kawaida unaweka nop tatu, ili AX iliyotayarishwa na aliyeita ndiyo iingie DS. Kwa DLL unaweka amri moja ya baiti tatu inayoipakia AX segimenti ya data ya maktaba hiyo. Msimbo uliokompailiwa ni ule ule. Maana yake inaamuliwa wakati wa kupakia.

La pili ni inc bp. Steki inakwenda kwa maneno ya baiti mbili, kwa hiyo BP halali ni shufwa siku zote. Ukiiongeza moja kabla ya kuisukuma, thamani iliyobaki kwenye steki inakuwa witiri. Hiyo ni alama kwa mfumo: fremu hii ni ya mwito wa mbali, na jirani yake kuna anwani ya kurudi yenye segimenti ndani yake. Katika modi halisi, Windows ilipotaka kusogeza segimenti ya msimbo ilitembea kwenye steki za programu fremu kwa fremu, ikizitambua za mbali kwa uwitiri wao, na kuzisahihisha anwani za kurudi ili zielekee mahali papya. Kama segimenti ilikuwa imetupwa kabisa, anwani ya kurudi ilibadilishwa ielekee kwenye kipande kidogo cha msimbo ambacho kingeipakia tena kutoka diski kabla ya kuendelea.

Yaani funksheni inaweza kuita nyingine, ikatupwa nje ya kumbukumbu ikiwa bado inasubiri jibu, ikarudishwa mahali tofauti, na isijue. Yote hayo bila msaada wowote wa prosesa. Sijaona kazi ya uhandisi ya kipindi kile inayostahili heshima kuliko hii.

MakeProcInstance ni ya nini?

Ni kwa ajili ya zile funksheni zinazoitwa na mfumo, mfano ya kisanduku cha mazungumzo. Programu moja ikifunguliwa mara mbili, msimbo ni mmoja lakini data ni mbili. Mfumo ukiita funksheni yako, DS iwe ya nani? MakeProcInstance inatengeneza kipande kidogo chenye amri mbili: kuipakia AX segimenti ya data ya nakala yako, kisha kurukia funksheni halisi. Data ikisogezwa, mfumo unaisahihisha namba iliyo ndani ya kipande hicho. Ukisahau kuitumia, programu inaandika kwenye data ya mtu mwingine.

Kompaila za baadaye ziliondoa hitaji hili kwa programu za kawaida: kwa kuwa SS na DS za programu ni sawa, funksheni ilichukua DS yake kutoka SS moja kwa moja. Kwa DLL ujanja huo haufai, kwa sababu iliyoelezwa juu.

Modi ya ulinzi ilibadilisha nini?

Maana ya nusu ya kwanza ya anwani. Kwenye 80286, iliyotoka mwaka 1982 na nyaya 24 zinazofika megabaiti 16, namba iliyo kwenye rejesta ya segimenti si mahali tena. Ni selekta: biti 13 ni nafasi katika jedwali, biti moja inasema ni jedwali la wote au la kazi hii, na biti mbili ni ngazi ya ruhusa. Ndani ya jedwali ndimo mlimo na anwani ya kuanzia, ukomo wa urefu, na aina ya segimenti.

Hilo lilitatua tatizo la kusogeza vipande kwa namna ya kupendeza. Kipande kikihama, mfumo unabadilisha anwani ya kuanzia kwenye jedwali, na selekta inabaki ileile. Vielekezi vyote vilivyotapakaa kwenye programu vinaendelea kuwa sahihi. Kutembea kwenye steki kukawa hakuna kazi tena.

Windows 3.0, ya Mei 1990, ilikuwa na modi tatu: halisi, ya kawaida kwa 286, na iliyoboreshwa kwa 386. Windows 3.1, ya mwaka 1992, iliiacha ile halisi. Kwa hiyo msimbo ulioandikwa kwa 3.1 peke yake mara nyingi unafunga kipande mara moja na kukiacha hivyo, na haukuwa uzembe. Ukiupima kwa sheria za Windows 2 utauonea. Kabla ya kuhukumu msimbo wa Win16, yaani wa Windows za biti 16, jua kwanza uliandikwa kwa toleo lipi.

Kilichoongezeka ni ukali. Katika modi halisi, kupakia namba yoyote kwenye ES ni ruhusa. Katika modi ya ulinzi, selekta isiyo halali au ofseti iliyovuka ukomo inasimamisha programu hapo hapo. Programu nyingi zilizoonekana nzima kwenye Windows 2 zilianguka kwenye 3.0 kwa sababu hiyo, zikiwa na makosa yaliyokuwamo tangu mwanzo bila mtu kuyaona. Waandishi waliozoea kufanya hesabu kwenye segimenti, mfano kuongeza 1 ili kusogea baiti 16 mbele, walijikuta wanaomba selekta ya mtu mwingine.

Nitashikaje data inayozidi kilobaiti 64?

GlobalAlloc ilikubali kutoa kipande kikubwa. Ugumu ni kuvuka mpaka: ofseti ikifika FFFF na ukaongeza moja, inarudi sifuri ndani ya segimenti ileile, haipandi.

Katika modi ya ulinzi mfumo ulikupa selekta kadhaa zilizofuatana, kila moja ikianza kilobaiti 64 baada ya iliyotangulia. Kutoka moja hadi nyingine unaongeza 8, kwa kuwa biti tatu za chini si sehemu ya nafasi katika jedwali. Katika modi halisi hatua hiyohiyo ni 1000 ya heksa. Ili programu moja iendeshwe kote, namba hiyo haikuandikwa ndani ya msimbo. Iliombwa kwa jina la __AHINCR na mfumo ukajaza inayofaa. Vielekezi vya aina ya huge (kubwa kupindukia) vilifanya yote haya kimyakimya, ila polepole. Ukiwa na picha kubwa, hesabu mwenyewe ni safu zipi za nukta zinazovuka mpaka, na tumia kielekezi cha mbali cha kawaida kwenye zilizobaki.

Kwa nini Windows 3 ilisema kumbukumbu imeisha wakati megabaiti kadhaa zipo huru?

Kwa sababu ile asilimia ya "rasilimali za mfumo" haikuwa ikipima kumbukumbu yote. Ilipima hipu za USER na GDI, sehemu za Windows zinazoshughulikia madirisha na uchoraji, ambazo zilishikwa kwa vielekezi vya karibu na hivyo kila moja haikuweza kuzidi kilobaiti 64. Kila dirisha, menyu, brashi, kalamu na fonti ilikula humo. Kununua kumbukumbu zaidi hakukusaidia. Programu iliyounda brashi wakati wa kuchora na isiite DeleteObject ilimaliza hipu ya GDI kwa mashine nzima, na mtumiaji akalaumu programu aliyoifungua mwisho. Toleo la 3.1 lilipunguza makali kwa kuigawa sehemu ya USER katika hipu zaidi ya moja.

Kuandika kupitia kielekezi cha sifuri kunaleta nini?

Inategemea uko wapi. Kielekezi cha mbali cha sifuri katika modi halisi kinaonyesha 0000:0000, ambako kuna jedwali la vikatizo: maingizo 256 ya baiti nne nne, jumla baiti 1,024. Ukiandika hapo, mashine yote iko hatarini. Katika modi ya ulinzi selekta ya sifuri hukataliwa papo hapo.

Cha karibu ni hatari zaidi kwa sababu hakikataliwi popote. Ofseti sifuri ya segimenti yako ya data ni anwani halali kabisa, na Windows iliweka hapo taarifa zake kuhusu programu, ikiwamo mahali hipu ya ndani inapoanzia. Kosa linafanyika leo, LocalAlloc inaanguka baadaye sana, mbali na mstari wenye hatia.

Kwenye Macintosh, nyota mbili zina maana gani?

Kishikio cha Macintosh ni kielekezi kinachoonyesha kielekezi kikuu, na hicho kikuu ndicho kinachoonyesha data. Macintosh ya Januari 1984 ilikuwa na kilobaiti 128 za kumbukumbu, na meneja wake wa kumbukumbu naye alisogeza vipande. Ila hapa mfumo ulibadilisha kielekezi kikuu peke yake. Hukulazimika kufunga ili kusoma: unaandika nyota mbili na unafika.

Urahisi huo una mtego. Tazama mstari huu:

    (**h).jina = TengenezaJina();

Unaonekana mzuri. Lakini kompaila ina haki ya kuikokotoa kwanza anwani ya upande wa kushoto, kuiweka kwenye rejesta, kisha ndipo iite funksheni. Ikiwa TengenezaJina inaomba kumbukumbu, kipande cha h kinaweza kuhama katikati, na jibu likaandikwa mahali kilipokuwa. Kosa linatokea tu kumbukumbu inapobana, yaani kwa mtumiaji na si mezani kwako. Dawa ni kuweka jibu kwenye kigezo cha ndani kwanza, kisha kulihamisha kwa mstari wa pili. HLock, funksheni ya kukifunga kipande, nayo inafaa, ila inarudisha tatizo la miamba. Nyaraka za Apple ziliorodhesha funksheni zinazoweza kuhamisha kumbukumbu, na orodha hiyo haikuwa fupi.

Data ya kudumu ya programu ilifikiwa kwa rejesta A5 pamoja na ofseti ya biti 16 yenye alama, na ndiyo maana kulikuwa na ukomo wa kilobaiti 32 kwa vigezo vya jumla.

"Uchafu wa biti 32" ulikuwa nini?

68000 ina rejesta za biti 32 lakini inatoa biti 24 tu za anwani. Baiti ya juu inapuuzwa. Kwenye mashine yenye kilobaiti 128, baiti nzima isiyotumika ni mali, na mfumo uliitumia: biti za juu za kielekezi kikuu zilibeba alama za kufungwa, kuruhusiwa kutupwa, na kuwa rasilimali. Waandishi wa programu wakaiga.

Kisha zikaja prosesa zenye nyaya 32. Kwao baiti ya juu ni sehemu ya anwani, na kielekezi chenye alama kinaelekea kusikojulikana. Hata ROM ya Macintosh II na SE/30 ilikuwa na msimbo wa namna hiyo; IIci ya mwaka 1989 ilikuwa ya kwanza kuwa safi. Hadi System 7 ya mwaka 1991 ilipoleta chaguo la anwani za biti 32, mashine zilibaki na ukomo wa megabaiti 8 za kumbukumbu hata kama uliweza kuchomeka zaidi. Ukihuisha msimbo wa wakati huo, tafuta kila mahali kielekezi kinapofanyiwa AND au OR.

Kompyuta ya Amiga haikuwa na haya yote?

Ilikuwa na segimenti? Hapana. Vipande vilivyohama? Hapana, AllocMem ilikupa anwani na haikubadilika. Swali lake lilikuwa lingine: chipu za picha na sauti ziliweza kusoma sehemu moja tu ya kumbukumbu, kwa hiyo data ya picha iliombwa kwa MEMF_CHIP. Anwani pekee uliyoruhusiwa kuikariri ilikuwa 4, yenye kielekezi cha ExecBase, muundo mkuu wa mfumo. Mengine yote uliyapata kuanzia hapo.

Naweza kuandika moja kwa moja kwenye kumbukumbu ya skrini nikiwa ndani ya Windows?

Katika modi ya ulinzi huwezi kupakia B800 kwenye ES ukatumaini itafika. KERNEL, sehemu ya kiini ya Windows, ilitoa selekta zilizotayarishwa kwa kazi hiyo, kama __A000H na __B800H. Zipo kwa ajili ya viendeshi. Programu ya kawaida ikizitumia inachora juu ya madirisha ya wenzake.

Nahamisha msimbo wa Win16 kwenda biti 32 au 64. Niangalie nini?

Kufuta near na far ni sehemu nyepesi. Angalia kwanza ujumbe na namba mbili zinazoambatana nao: wParam ilikuwa biti 16 na lParam biti 32, na WM_COMMAND, ujumbe wa menyu na vitufe, ilipakia kishikio cha dirisha pamoja na taarifa ndani ya lParam. Katika Win32, ya biti 32, vishikio vilipanuka, kwa hiyo taarifa ikahamia nusu ya juu ya wParam. Msimbo unaotumia LOWORD na HIWORD kwenye WM_COMMAND unakompailika bila lawama na unafanya kazi kinyume.

Pili, hPrevInstance, kishikio cha nakala iliyotangulia ya programu, sasa ni sifuri siku zote, kwa sababu kila programu ina nafasi yake ya anwani. Programu zilizoitumia kunakili data kutoka nakala iliyotangulia zinahitaji njia nyingine. Tatu, int imekua kutoka baiti mbili hadi nne, na faili zilizoandikwa kwa kumwaga muundo mzima diski zitasomwa vibaya. Nne, mahali popote kielekezi kilipohifadhiwa ndani ya long, kwenye Windows ya biti 64 kitakatwa nusu, kwani humo long imebaki biti 32.

GlobalAlloc na GlobalLock bado zipo. Ubao wa kunakilia wa Windows bado unadai kipande cha GMEM_MOVEABLE. Na ile LP iliyo mwanzoni mwa LPSTR ni kielekezi kirefu, yaani cha mbali, kilichobaki kwenye jina baada ya umbali wenyewe kuondoka.

Nitajaribu wapi leo?

Open Watcom bado inatoa programu za Windows za biti 16, na Windows 3.1 inaendeshwa vizuri ndani ya DOSBox. Windows ya biti 64 haipokei programu hizi moja kwa moja. Anza na programu ndogo ya modeli ndogo yenye dirisha moja, ifumue, na utafute ule mwanzo wa funksheni wenye inc bp. Kisha iombe GlobalAlloc kipande cha baiti 100,000, kifunge, na uchapishe segimenti ya kielekezi ulichopewa pamoja na thamani ya __AHINCR. Ukiona 8, upo katika modi ya ulinzi.